Andika Unavyotamka

Kila Ijumaa baada ya mapumziko tulikuwa na imla. Mwalimu alisimama karibu na mlango, penye mwanga, akasoma maneno kumi. Kila neno mara mbili, si zaidi. Sisi wa darasa la nne, katika shule moja ya msingi nje kidogo ya mji wa Newala, tulifunika madaftari kwa viwiko kama watu wanaokula kwa uchoyo. Tukimaliza tulibadilishana madaftari na kusahihishana, kisha hesabu ikafuata: kosa moja, kiboko kimoja.

Siku ninayoikumbuka, neno la saba lilikuwa "dhoruba". Mimi niliandika "zoluba". Jirani yangu, ambaye kwao walizungumza Kimakua, aliandika "sorupa". Mwalimu aliyachukua madaftari yetu mawili, akayaandika maneno yale ubaoni, moja chini ya jingine, darasa likacheka mpaka la tano wakaja kuchungulia dirishani. Halafu akasema kwa upole, maana hakuwa mtu mbaya: "Jamani, Kiswahili ndiyo lugha rahisi kuliko zote. Kinaandikwa kinavyotamkwa. Andikeni mnavyotamka."

Ndivyo tulivyokuwa tumefanya.

Nilikuja kulikumbuka neno lile miaka mingi baadaye, nilipokaa na watoto wa dada yangu Dar es Salaam kutazama filamu ya Akeelah and the Bee. Wanasoma shule ya mchepuo wa Kiingereza, na shuleni kwao kuna mashindano ya spelling bee kila mwaka, na vikombe, na wazazi wanaopiga picha. Mdogo aliniuliza kwa nini hakuna spelling bee ya Kiswahili. Nilimpa jibu ambalo kila mtu hulitoa: haiwezekani, kwa sababu kwa Kiswahili kila mtu angeshinda. Nikalisikia jibu langu mwenyewe, nikaona haya kidogo. Nilikuwa nimechapwa kwa neno lile.

Mashindano ya kitaifa ya Marekani yalianza Juni 1925, mjini Washington. Walifika watoto tisa kwenye fainali, na mshindi alikuwa Frank Neuhauser, mvulana wa miaka 11 kutoka Louisville, Kentucky. Neno lililompa ushindi lilikuwa "gladiolus", jina la ua. Mchezo ule una maana kwa Kiingereza kwa sababu Kiingereza kimebeba maandishi ya watu wengi bila kuyapanga upya: Kilatini, Kigiriki, Kifaransa. Sikio halitoshi, lazima ukariri. Ndiyo maana mtoto wa fundi na mtoto wa daktari wanaweza kusimama jukwaani pamoja, wote wawili wakiwa hawajui lolote mpaka wakae na kamusi. Angalau kwenye filamu ndivyo inavyokuwa.

Miezi minne baadaye, Oktoba 1925, ulifanyika mkutano mwingine kuhusu herufi, safari hii Dar es Salaam. Gavana Donald Cameron aliwaita maofisa wa elimu na wamisionari wazungumze kuhusu shule za Tanganyika. Moja ya mambo waliyoyakuta mezani ni kwamba vitabu vya Kiswahili havikukubaliana. Misheni hii iliandika hivi, ile vile. Mombasa walikuwa na yao, Unguja yao. Mazungumzo yaliendelea, na mwaka 1928 mkutano wa Mombasa, uliohudhuriwa na Carl Meinhof, bingwa wa lugha za Kibantu kutoka Ujerumani, ukakubali kwamba Kiunguja ndicho kiwe msingi wa Kiswahili sanifu. Wenye Kimvita hawakufurahi, na mpaka leo ukienda Mombasa utampata mzee wa kukueleza kwa nini. Tarehe 1 Januari 1930 Kamati ya Lugha ya Kiswahili ya Afrika Mashariki ikaanza kazi, katibu wake wa kwanza akiwa Frederick Johnson. Kamati ilisoma miswada, ikasahihisha tahajia, na kitabu kilichopita kwao kilipata idhini ya kutumika shuleni. Katika miaka hiyo ya mwanzo wajumbe wake walikuwa Wazungu. Wakakubaliana juu ya ch, juu ya dh na gh na th, juu ya ng' yenye kikomo chake juu. Lengo lilikuwa zuri: sauti moja, alama moja, ili mtoto asihangaike kama yule wa Louisville.

Sauti moja, sawa. Ya kinywa cha nani?

Hapo ndipo inabidi nirudi kwetu, na kwetu historia ya herufi ni ya zamani kuliko Kamati. Msomaji asiyeijua kusini afahamu kwanza kwamba Masasi na Newala ni jirani wasiofanana. Masasi iko chini, kati ya majabali meusi yanayochomoza ardhini kama migongo ya viboko. Newala iko juu, ukingoni mwa nyanda za Makonde. Ukisimama Shimo la Mungu unaliona bonde lote la Ruvuma mpaka upande wa Msumbiji, na unaelewa kwa nini watu wa zamani walikubali kuishi mahali pasipo na maji mradi waone adui anakuja.

Mwaka 1876 Askofu Edward Steere wa misheni ya Kianglikana ya UMCA aliondoka Unguja kwa meli hadi Lindi, kisha akapanda bara kwa miguu. Steere ndiye aliyekuwa ametoa, mwaka 1870, kitabu cha mwongozo wa Kiswahili kinavyosemwa Unguja, na kanuni yake ya kuandika ilikuwa fupi: konsonanti zisomwe kama za Kiingereza, irabu kama za Kitaliano. Tahajia unayoisoma sasa hivi, kwa sehemu kubwa, ni ya mtu huyo. Mwaka uleule wa 1876, kiwanda cha uchapaji cha misheni Unguja kilitoa kijitabu chake kidogo cha lugha ya Kimakonde. Cha Kiyao alikwisha kukitoa mwaka 1871. Cha Kimakua kilikuja mwaka 1879, kazi ya Chauncy Maples, kijana wake aliyefanya kazi Masasi na baadaye Newala. Kwa hiyo ndani ya miaka kumi hivi lugha zote kubwa tatu za kwetu zilikuwa zimekwisha kupewa herufi, na waliofanya hivyo ni watu walewale waliokuwa wanazipanga herufi za Kiswahili.

Lakini Steere hakupanda peke yake. Alikuwa na watu zaidi ya hamsini waliokuwa wameokolewa kutoka kwenye majahazi ya watumwa na kulelewa na misheni Unguja. Wengi wao walikuwa wametekwa utotoni bara hukuhuku: Wayao, Wamakua, Wanyasa. Nia ilikuwa kufika mbali zaidi, kuelekea Ziwa Nyasa. Walipofika Masasi wale watu waliona ardhi, wakaona majabali, wakasema hapa panafanana na kwetu, tunakaa. Wakakaa. Mji wa Masasi wa leo umetokana kwa sehemu na watu hao waliokataa kuendelea na safari.

Hebu fikiria vinywa vyao. Mtoto anatekwa akiwa anasema Kiyao. Anauzwa, anafika Unguja, anajifunza Kiunguja cha mjini na kukiandika kwa herufi za Steere. Miaka inapita, anarudi bara akiwa na ubao na chaki, anawafundisha watu ambao pengine ni ndugu zake wasiojuana kuandika kwa matamshi ya mji uliomnunua. Sisemi hivi kumlaumu. Cecil Majaliwa, Myao aliyepita njia hiyo, alisomea Kiungani, akapelekwa mpaka Canterbury, kisha akaletwa kufanya kazi Chitangali, kwenye nyanda za Newala. Mwaka 1890 akawa padri Mwafrika wa kwanza wa UMCA. Tangu 1888 misheni ilikuwa na gazeti la Kiswahili, Msimulizi, lililochapwa Kiungani, na walimu Waafrika wa vituo vya bara walilipelekea habari za vituo vyao. Hawa ndio walikuwa waandishi wetu wa kwanza wa Kiswahili cha herufi za Kilatini. Nadhani wao waliielewa imla kuliko mtu yeyote: walijua sauti ipi ni ya nyumbani na ipi ni ya daftari.

Tofauti yenyewe iko hivi. Chukua neno "mtu". Kiyao kinasema "mundu". Kimakonde kinasema "munu". Kimakua kinasema "mutthu". Ni neno moja, la babu mmoja, lakini kila ukoo umelirithi kwa ulimi wake. Kimakonde hakina r. Ulimi wa mtoto wa Newala unapokutana na r ya Kiswahili unaigeuza l bila kuuliza. Kimakua kina r, lakini hakina b, d wala g kama za Kiswahili, na ndiyo maana jirani yangu aliandika p. Ile dh ya "dhoruba" na "dhahabu" ilikuja Kiswahili na Kiarabu. Wayao na Wamakonde hawakuwahi kuihitaji. Mtoto wa Kiunguja akiambiwa aandike "dhahabu", anaandika anachosema. Mtoto wa Newala anaambiwa aandike anachosema, halafu anahukumiwa kwa kile anachosema mtoto wa Unguja. Kwa huyo wa pili, "dhoruba" ni "gladiolus". Tofauti ni kwamba Frank Neuhauser aliambiwa mapema kwamba neno ni gumu.

Hata neno "imla" lenyewe si letu wala si la misheni. Ni Kiarabu, limefika kwa njia ya chuo cha Kurani, na huku kusini vyuo vya Kurani vimekuwepo kwa vizazi vingi. Wapo wazee wa kwetu walioandika barua za Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, ambazo hazikujali sana kama ni e au i, o au u. Msomaji alitarajiwa kujazia mwenyewe. Watu wa shule waliziona herufi hizo kuwa na upungufu. Mimi siku hizi naziona kuwa na adabu fulani.

Mwaka 1906, mwaka mmoja baada ya Maji Maji na misheni ya Masasi kuchomwa moto, alifika Mjerumani mmoja wa makumbusho ya Leipzig, Karl Weule. Alipita Masasi, akapanda Newala, akakaa wiki kadhaa. Alikuwa na kamera na santuri ya nta ya kurekodia sauti. Watu waliimba kwenye pembe ya chombo kile, naye akaondoka na sauti zao kwenda Ujerumani. Ninapenda kuwaza kwamba miongoni mwa kumbukumbu zote za enzi ile, hizo ndizo pekee ambazo hakuna aliyezisahihisha.

Kwenye ramani ndipo kalamu nyekundu inapoonekana vizuri. Chitangali ya Majaliwa leo ni Kitangari: chi imekuwa ki, l imekuwa r. Mto ambao wazee wanauita Luvuma, Wareno waliuandika Rovuma na sisi tunauandika Ruvuma. Kwa kawaida watu hudhani r ndiyo ya kisomi, l ni ya kishamba, na hivyo huweka r hata pasipokuwa nayo. Nimewahi kumsikia mgombea jukwaani akisema "wananchi warioniamini". Hakuna aliyecheka, kwa sababu nusu ya mkutano walikuwa wanafanya vilevile vichwani mwao.

Halafu kuna n mbili. Makonde ya Newala ina lahaja inayoitwa Chinnima, na hapo hapo kwenye jina kuna n mbili zinazofuatana, ya kwanza ikiwa silabi kamili. Kiswahili sanifu hakina nafasi kubwa ya kitu hicho. Karani akisikia n mbili mwanzoni mwa jina huandika "mn", au huandika n moja na kuendelea na kazi. Ukoo wa Nnauye, kwa kuwa wamekuwa watu wa siasa na majina yao kwenye magazeti, wamefanikiwa kuilinda n yao ya pili. Wengine hatukuwa na gazeti.

Nirudi nyuma kidogo kwenye jambo jema, maana yapo. Mwisho wa mwaka 1970 Mwalimu Nyerere alitangaza kwamba wilaya sita zifute ujinga wa kutojua kusoma na kuandika katika mwaka mmoja, ziwe mfano kwa nchi. Mafia ilikuwamo, Ukerewe ilikuwamo, na Masasi ilikuwamo. Baada ya hapo kampeni ikaenea nchi nzima. Watu walisoma chini ya miembe, kwenye maghala, baada ya kutoka shamba. Agosti 1975 ukafanyika mtihani wa kitaifa wa elimu ya watu wazima, na mamilioni ya wanawake na wanaume wakakaa kufanya mtihani kwa wakati mmoja. Mwaka 1967 wasiojua kusoma na kuandika walikuwa asilimia 67 ya watu wazima. Baada ya mtihani ule ilitangazwa kuwa wamebaki asilimia 39. Ukiniuliza ni lini Tanzania iliwahi kuwa na mashindano makubwa ya kitaifa ya kuandika maneno, nitakutajia hayo. Washiriki walikuwa na wajukuu.

Bibi yangu mzaa mama alikuwa mmojawapo. Alikuwa na daftari la madeni la duka lake dogo la unga na chumvi, na nilipojua kusoma nilijipa kazi ya kulipitia. Aliandika "selasini" kwa thelathini. Aliandika "lazi" kwa radhi, pale mteja alipoomba radhi na kuomba muda. Nikachukua kalamu yangu nyekundu ya shule, nikasahihisha kurasa mbili nzima, na pembeni nikaweka alama: 4/10. Bibi aliangalia, akauliza, "Sasa hapa anadaiwa ngapi?" Nikasema thelathini. Akauliza, "Na kabla hujaandika wewe?" Nikasema thelathini. Akanituma nikamdai huyo mtu, tena niende na daftari lenyewe. Yule mdaiwa alisoma mstari wa bibi, akapekua mfukoni, akalipa. Alama zangu alizitazama kwa muda mrefu zaidi. Bila shaka alidhani ni riba.

Simlaumu mwalimu wangu wa Ijumaa, na sidai kila mtu aandike apendavyo. Nimehariri maandishi ya watu kwa miaka kadhaa sasa. Najua kazi inayofanywa na tahajia moja. Barua iliyoandikwa Masasi inasomeka Kisumu na Bujumbura bila mtu kukwama. Hilo si jambo dogo, na lilihitaji watu wakae kwenye meza na kukata shauri. Benjamin Mkapa alizaliwa Lupaso, wilayani Masasi, na alikuja kuwa mhariri wa The Nationalist na Uhuru kabla ya kuwa rais. Kwa miaka kadhaa wasomaji wa nchi nzima walipata maneno yaliyopita chini ya kalamu ya mtu wa kwetu. Ninachokataa ni ule uongo mdogo wa kwamba ni rahisi. Mtihani wa kitaifa wa darasa la nne umekuwa na sehemu ya imla: msimamizi anasoma sentensi, nchi nzima inaandika. Ni mashindano ya kitaifa ya tahajia kwa kila hali, isipokuwa hayana jukwaa wala kikombe, na msomaji wa maneno hafanani kutoka chumba hadi chumba. Msimamizi aliyelelewa na lugha isiyotenganisha l na r atawasomea watoto wa Newala l yake, nao wataandika r, kwa sababu wamekwisha kufundishwa kutoiamini l.

Ningependa mwalimu asimame mlangoni siku ya Ijumaa na kusema: neno hili lina sauti ambayo nyumbani kwenu haipo, ilikuja na Kiarabu, inaandikwa hivi, ulimi unakaa hapa. Dakika moja tu. Na jirani yangu aambiwe kwamba p yake ina ukoo. Alimaliza la saba, hakuchaguliwa, na mpaka leo akinitumia ujumbe wa simu huweka kwanza "samahani kwa mwandiko". Huwa ni ujumbe wa sauti.

Mwaka juzi malipo ya korosho ya babu yalikwama. Daftari la chama lilikuwa na jina lake kwa n mbili, kama alivyolitamka yeye mwenyewe siku ya kujiandikisha. Kitambulisho kilikuwa na mn. Akaunti ya benki ilikuwa na n moja. Jina lenyewe sitaliandika hapa, kwa kuwa sijui niliandikeje. Korosho zilikuwa zimepimwa, zimeuzwa mnadani, fedha zimeingia kwa wenzake wote wa kijiji, na babu wa miaka zaidi ya themanini alikuwa anaambiwa athibitishe kwamba watu watatu ni mmoja.

Tulikwenda kwa wakili kuapa. Karani wake, binti mchangamfu aliyemwamkia babu shikamoo mara mbili, alimwomba alitaje jina polepole. Babu akalitaja. Akaomba alirudie. Babu akalirudia, mara mbili na si zaidi. Binti akachapa, akapiga muhuri, akatusomea hati yote kwa sauti: kwamba majina haya matatu ni ya mtu mmoja, na kwamba kuanzia leo ajulikane kwa jina sahihi lifuatalo.

Nilichungulia karatasi. Lilikuwa la nne.

Nikataka kusema. Babu alikuwa amekwisha kushika kalamu, anauliza aweke sahihi wapi.